Sungura wa Tisa

Jicho la sungura wa nane lilikuwa limebakiwa na chembe hai mia nne na kumi na mbili. Jenoveva alikuwa amerudia kuzihesabu mara tatu, uso umeinamia hadubini, huku upepo wa Same ukitikisa bati la maabara. Kompyuta iliitazama picha ileile ikasema elfu moja mia tisa.

"Inahesabu na maiti, Daktari," alisema. "Umelegeza kipimo. Kila doa inaliita chembe hai."

Daktari Nicolaus hakugeuka. "Mashine haichoki, Mama Priska. Wala haina mume."

Mume alikuwa Hezroni. Tangu serikali iuze shamba la mkonge, yeye na wenzake kumi na wawili walikuwa wakinyunyiza dawa mpya ya magugu bila hata miwani. Kwanza aliacha kuiona njia, kisha sahani. Mwenye shamba alisema macho yakithibitika yameuawa na dawa, atawalipa. Ndiyo maana sungura walitiwa dawa ileile machoni.

"Wageni wanakuja kesho," Nicolaus alisema. "Utaweka sahihi kwamba hesabu yako na ya mashine zinalingana. Hutaki, wenye stashahada wasio na kazi wamejaa stendi."

"Nitakuja, Daktari."

Asubuhi, kabla ya kusonga ugali, alichota unga kidogo. Alipofika maabara aliutia maji na tone la rangi, akaupaka kwenye kioo cha hadubini, akabandika karatasi: Sungura 9.

Wageni walikuwa wawili: Bwana Chande, meneja wa shamba, na ofisa wa serikali mwenye muhuri mkobani. Kompyuta ilinguruma, ikatoa jibu la sungura wa tisa: elfu mbili na kumi na nne.

"Huyu anaona mpaka Kwakoa!" Chande alicheka.

"Huyo ni unga wa mahindi," Jenoveva alisema. "Wa Mhezi, kwetu. Mashine yenu imekuta macho ndani ya ugali wangu."

Kicheko kilikatika. Ofisa alimtazama Nicolaus.

"Na hawa wanane wengine?"

"Ni sungura, mheshimiwa."

"Basi mfute wa tisa. Wanane wanatosha."

Akagonga muhuri kwenye ripoti.

"Na huyu mama?" Chande aliuliza.

"Macho yake yamechoka," Nicolaus alijibu. "Leo ndiyo mwisho wake hapa."

Nyumbani, Hezroni alipapasa meza hadi akaufikia ugali.

"Wamesemaje, mama?"

"Wamesema unaona."

Hezroni alicheka, kisha akaacha. Tonge lilipita pembeni ya bakuli la mboga, likagusa meza. Jenoveva alilisukuma bakuli chini ya mkono wake. Ndani ya pindo la khanga alikuwa na kioo cha sungura wa nane, alichokichukua wakati muhuri unagongwa. Hakujua bado atampelekea nani. Alikaza fundo, akalikaza tena, mpaka kioo kikamchoma kiunoni.