Mwiba wa Jana

Habari za nchi ya Masegani hakuna azijuaye barabara kuliko bibi anayezisimulia hapa, isipokuwa wale walioziona kwa macho yao, na hao hakuna aliyewauliza. Ilikuwa nchi ya vilima vitano vilivyokaa kama mafiga yaliyozaana, kila kilima na mizinga yake, kila mzinga na mhuri wa ikulu, na nyuki wake walikuwa na haki kuliko watu: aliyemfukuza nyuki alifungwa, aliyeumwa alitakiwa ashukuru, maana asali yote ilipanda kwa Mtukufu Lambisa, mtawala mnene mwenye sauti nyembamba, aliyekalia kiti cha nta na kwa sababu hiyo hakupenda jua wala maswali.

Sasa, katika nchi hiyo walikuwapo watu ambao nyuki mmoja tu aliwatosha. Wakiumwa, midomo huvimba, koo hujifunga kama mdomo wa gunia, pumzi ikakosa njia. Hao waliitwa wavimbaji, na kila mmoja alivaa shingoni mwiba wa nungunungu uliojazwa dawa na kuzibwa ncha kwa nta laini. Ukiumwa, unauchoma pajani, nta inapasuka, dawa inaingia, nawe unarudi kuomba chumvi kwa jirani kama kawaida. Miiba hiyo ilitengenezwa katika karakana moja tu, ya Bwana Kidomo, shemeji yake Mtukufu, kwani Masegani akili iligawiwa mashemeji kwanza, wengine wakaambiwa wasubiri.

Mjaribu wa miiba alikuwa Bi Tabuni, mjane aliyejisifu kwa mkono usiotetemeka. Kila kapu lilipojaa alichomoa mwiba mmoja bila kuchagua, akauchoma kwenye gogo la mgomba, na dawa ikitiririka aliipiga miiba yote ya kapu hilo mhuri wa nyuki wawili. Alifanya hivyo kwa uaminifu miezi mitatu. Wa nne, Bwana Kidomo alisimama mlangoni akilamba asali masharubuni.

"Bibi, mwiba ukishachomwa kwenye mgomba umepotea. Wa jana ulitoa dawa?"

"Ulitoa, bwana."

"Basi si mzuri huo? Ujaze tena, uchome huo huo."

Tangu siku hiyo Bi Tabuni alijaribu mwiba mmoja kwa miaka miwili, mwiba mtiifu, uliokwisha kupasuka nta, ulioijua njia ya mgomba kuliko ng'ombe ajuavyo zizi. Na kila mwezi ulipoandama aliletewa kibuyu cha asali ambacho hakuuliza ni cha nini. Wala hakuuliza kwa nini nta ya miiba ya makapuni ilikuwa imebadilika rangi, ikawa ngumu kama kokwa.

Kisha Mshindo mfinyanzi akaumwa kisimani. Walimkuta amelala kwa ubavu, pumzi imekata, mwiba umesimama pajani, dawa imo ndani yote, haijapungua hata tone.

Siku ya tatu mpiga mbiu akazunguka vilima vitano akitangaza kwamba miiba yote yenye mhuri wa nyuki wawili inaombwa irudi karakanani, si kwamba ni mibovu, hasha, bali imekumbukwa na walioitengeneza. Na kwamba mtu asiitupe kabla hajapata mwingine. Na kwamba mingine haipo. Watu wakabaki wametumbua macho. Nikiurudisha, nitajichoma nini? Nikibaki nao, unanisaidia nini? Na aliyejua, alijua tangu lini?

Zawena, binti wa marehemu kaka yake Bi Tabuni, alikuja amekamata mwiba wake kifuani. Alikuwa mvimbaji tangu utotoni.

"Shangazi, wewe ndiye mjaribu. Niambie mimi tu. Wangu huu mzima?"

Bi Tabuni alikuwa akipakaa asali muhogo. Mkono usiotetemeka ukapakaa pale pale palipokwisha kupakwa.

"Mzima, mwanangu."

"Nimwamini nani kama si wewe," Zawena akasema, akaenda zake kisimani na mtungi. Bi Tabuni akatazama ule muhogo. Aliutafuna ukakataa kumezeka. Akautema, akajifunga kanga kiunoni, akamkimbilia akiita jina lake njia nzima hadi akamgeuza nyuma kwa nguvu, bila kumwambia sababu.

Kesho yake asubuhi Mtukufu aliita baraza. Bwana Kidomo alipanda jukwaani, mwiba wenye mhuri wa nyuki wawili umening'inia juu ya joho lake.

"Kila kapu lilijaribiwa," akasema. "Mjaribu yule pale. Muulizeni."

Macho ya vilima vitano yakamgeukia. Bi Tabuni alitamani ardhi ifunguke, lakini ardhi ya Masegani nayo ilikuwa na mhuri wa ikulu. Akamtafuta Zawena, akamwona. Akasimama.

"Nilijaribu mmoja," akasema. "Miaka miwili, wa jana ule ule. Asali nilikula. Mwanangu, jana nilikudanganya."

Zawena aliuvua mwiba wake, akauweka chini taratibu kama mtu anayelaza maiti ya ndege, na Bi Tabuni akaona ni heri angetukanwa.

"Bibi kizee kachanganyikiwa!" Bwana Kidomo akacheka. "Mimi mwenyewe mvimbaji, na huu wa kifuani ndio tegemeo langu. Ningevaa kifo shingoni?"

Hapo nyuki mmoja akaja. Hakuwa na haraka. Alizunguka kiti cha nta, ambacho jua lilikuwa limeanza kukiinamisha upande mmoja, akaonja hewa, akatua kwenye masharubu ya Bwana Kidomo. Hakumuuma. Alikaa tu.

Mkono wa Bwana Kidomo ulipaa. Lakini haukwenda kifuani. Uliingia ndani ya mkono wa joho, ukatoka na mwiba mwingine, wa shaba, unaong'aa, wenye maandishi ya nchi ya ng'ambo.

Waliokaa mbele wakainuka ili wauone vizuri.

"Shemeji," Mtukufu akauliza kwa sauti yake nyembamba, huku akijishika asiteleze kitini, "hicho ni nini?"

"Hii... hii ni kalamu, Mtukufu."

Bi Tabuni akasogea hadi chini ya jukwaa, akakunjua kiganja chake chenye makovu ya nta, akakiinua.

"Andika basi, bwana," akasema.