Nadhiri Juu ya Kichwa cha Mtu

Tangu walipoikanyaga ngazi ya kwanza ya mlima, Maitili alikuwa hajamsemesha mtu. Mbele yake mama mkwe wake, Kamalambal, aliinama kwenye kila ngazi, akachovya kidole kwenye manjano, akapaka, akatia na doa la unga mwekundu, akajiinua kwa kushika goti, kisha akapanda nyingine. Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na ushei na magoti yalikuwa yakimuuma, lakini hakuiruka hata moja. Nyuma alikuja Varadan, mwanawe, mume wa Maitili, amebeba kapu la chakula, anahema, maana nguvu zake zilikuwa bado hazijamrudia zote.

Mahujaji waliowapita waliita jina la Bwana wa Mlima, mungu wa hekalu la kileleni, "Govinda, Govinda", na Kamalambal akaitikia kila mara. Maitili hakuitikia. Huyo Bwana yeye Maitili alimpenda tangu utotoni, angempandia mlima huu pekupeku bila kutumwa na mtu, na hilo ndilo lililozidi kumchoma. Walikuwa wamemgeuza Mungu wake kuwa mdai, kisha wakamtuma aje kumdai yeye.

Mwaka uliopita Varadan alipatwa na homa ya ubongo. Alilazwa hospitali hajitambui, na aliyelala sakafuni kando ya kitanda chake ni Maitili. Ndiye aliyemgeuza, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko. Msuko wa Maitili ulimpita kiuno, na Varadan, hata alipokuwa halijui jina lake mwenyewe, aliushika nchani na kuung'ang'ania, mpaka mkewe akajifunza kusinzia shingo imeinama ili asimnyang'anye. Kamalambal alikuwa nyumbani mbele ya picha za miungu, anafunga na kuomba. Hilo Maitili hakumlaumu. Mama ni mama.

Lakini siku Varadan aliporudishwa nyumbani, majirani wamejaa barazani na kahawa inazunguka, Kamalambal akawatangazia wote kwamba alikuwa ameweka nadhiri. Mwanangu akipona, alimwambia Bwana wa Mlima, mke wake atakutolea nywele zake zote.

Mke wake. Majirani wakafuta machozi, wakasema mama ndiye huyu. Maitili alikuwa amesimama palepale na sinia la vikombe mkononi, na hakuna hata mmoja aliyemgeukia kumuuliza, na wewe je?

Jioni ile alimtolea uvivu mkwewe jikoni.

"Mama, mbona hukuahidi zako?"

"Zangu zimeingia mvi, mwanangu. Bwana apelekewe mvi? Mtu hutoa kilicho bora."

"Kilicho bora cha nani?"

"Cha nyumba. Kwani wewe si wa nyumba hii?"

"Basi nitatoa shungi moja. Wanawake wengi hutoa shungi moja tu, na Bwana anapokea."

Kamalambal aliendelea kupepeta mchele wake kama vile wanaongelea bei ya vitunguu. "Mimi nilitamka zote. Nadhiri ikishatoka mdomoni si yangu tena, ni ya Bwana. Ukitaka kumdhulumu, mdhulumu. Ila homa ikirudi usije ukanililia mimi."

Hapo ndipo alipomfunga kamba, na kamba yenyewe ilikuwa Varadan. Tangu siku hiyo Maitili hakuamka asubuhi bila kumgusa mumewe paji la uso kwa mgongo wa mkono, aone kama lina moto. Alikuwa akijichukia kwa kufanya hivyo na akifanya vilevile. Naye Varadan, mwanamume aliyeuganda msuko ule kama mtoto mchanga, alipoulizwa anasemaje, alisema, "Ni nywele tu, Maitili. Zitaota."

Katikati ya mlima walipumzika kwenye banda la mahujaji. Kamalambal alifungua majani ya mgomba, akagawa wali wa ukwaju, akamkaribisha na mama mmoja mnene aliyekuwa ameketi jirani yao. Yule mama alikula, akashukuru, kisha akamtazama Kamalambal kichwani.

"Dada, nywele hizi zote katika umri huu? Unazipaka nini?"

"Mafuta ya ufuta tu," alisema Kamalambal, na uso ukamchangamka. "Na unaziona hivi, zina historia. Mume wangu alipofariki nilikuwa msichana mdogo, huyu Varadan bado ananyonya. Shangazi za marehemu wakaja na kinyozi. Kwao mjane hunyolewa, ndiyo desturi yao."

"Ukafanyaje?"

"Nikajifungia ghala ya mpunga na mchi wa kutwangia. Nikawaambia kupitia ufa wa mlango, atakayekigusa kichwa changu ataondoka na chake kwapani."

Yule mama mnene alicheka mpaka wali ukampalia. "Wewe mkali, dada."

"Kichwa changu bwana. Walinioa, hawakuninunua."

Maitili alikuwa amekisikia kisa hicho kila sikukuu, na zamani alikuwa akikipenda. Safari hii alilirudisha tonge kwenye jani. Alimwangalia mkwewe anavyolamba vidole vyenye ladha ya ukwaju, anavyojisifia mchi wake, na hasira ikampanda mpaka masikio yakavuma. Alijiuliza kama mtu anaweza kweli kutojisikia anaposema. Halafu akaona kwamba anaweza, tena kwa raha zake. Akakunja jani lake na chakula ndani, akalitupa.

"Hujala," alisema Varadan.

"Kula wewe. Ndiwe mwenye kupona."

Kileleni, ukumbi wa vinyozi wa hekalu ulikuwa na safu ndefu za wanaume wenye nyembe, sakafu imelowa, watoto wanalia. Kinyozi wao alikuwa mtu aliyechoka. Alimwagia Maitili maji kichwani, akaanza kuukata uzi uliofunga ncha ya msuko, na bila kumtazama akauliza, "Zote au shungi?" Swali alimwelekezea Varadan.

Varadan alikuwa ghafla amependezwa na dari.

"Zote," alisema Kamalambal.

Wembe ulisimama hewani kidogo. Maitili angeweza kuinuka. Miguu ilikuwa yake, na mlango ulikuwa wazi. Lakini alikiona kitanda cha hospitali, akayaona macho ya mumewe yaliyogeuka meupe, na akajua kwamba akiinuka, kila kikohozi cha mtu huyu maisha yake yote kitakuwa juu yake.

"Zote," alisema.

Zilimwangukia mapajani, nzito kwa maji, kisha mfagiaji akazisukuma pamoja na za wengine. Walimpaka liwa ya sandali kichwani, na ubaridi wake ukamwingia hadi kwenye meno. Kamalambal alikuwa akilia kwa furaha.

"Umemwokoa mumeo, mwanangu."

"Umependeza, kweli," alisema Varadan, na akanyoosha mkono kumgusa.

"Nipishe njia," alisema Maitili.

Foleni ya kumwona Bwana iliwasukuma kutwa nzima, kifua kwa mgongo, uzio kwa uzio. Maitili alikuwa ameamua kitu kimoja tu, kwamba akifika mbele yake atashukuru kwa moyo safi na hasira yake ataiacha mlangoni. Nywele zilikuwa zimekwenda. Angalau dakika ile iwe yake.

Mwishowe umati uliwatema ndani, penye joto la taa za samli na harufu ya kafuri. Bwana alikuwa pale, mweusi, amefunikwa maua hadi kidevuni, na walinzi walikuwa wanawasukuma watu mabegani wasisimame. Machozi yalimjaa Maitili. Alikunja viganja, akafungua mdomo, na kando ya sikio lake akamsikia Kamalambal ameshamtangulia.

"Bwana wangu, umeniponyea mwanangu. Sasa nakuomba umpe mtoto wa kiume. Ukimpa, huyu mke wake atakuja kulizunguka hekalu lako kwa kubingirika chini, nguo zimelowa, mwili mz..."

"Bwana," alisema Maitili, kwa sauti iliyomfanya hata mlinzi ageuke. "Mume wangu amepona, asante. Akifikisha mwaka mwingine bila homa kumrudia, mama yake huyu atakuja hapa kukutolea nywele zake zote. Mvi na zisizo mvi."

"Songa, mama, songa," alisema mlinzi, akawasukuma wote wawili kwa pamoja.

Nje, kwenye ua wa mawe, Varadan alipewa ladu za baraka, vitamutamu vya mviringo vya hekaluni, akawagawia kila mmoja yake. Kamalambal aliishika ladu bila kuila. Alikuwa ameuvuta upindo wa sari juu ya kichwa, kama mtu aliyekumbwa na mvua.

"Rudi ndani," alisema. "Mwambie ulikuwa na hasira. Mwambie umeyafuta."

"Kurudi ni kuanza foleni upya, mama."

"Maitili. Unajua nilivyoteseka kwa nywele hizi. Wewe unajua."

"Najua. Umenihadithia kila sikukuu." Maitili alimega ladu yake. "Ningekusaidia, lakini ikishatoka mdomoni si yangu tena. Ni ya Bwana."

"Jamani," alisema Varadan, "mnagombana hekaluni kwa sababu ya nywele? Nywele si zi..." Wanawake wote wawili walimtazama, na sentensi ikamfia mdomoni. Akakohoa, pengine ni makombo ya ladu, pengine ni vumbi.

Kamalambal alishtuka. Aliiweka ladu yake juu ya jiwe, akamsogelea mwanawe, na kwa mgongo wa mkono akamgusa paji la uso. Aliuacha mkono pale muda mrefu. Maitili aliujua mkono ule, na alijua kesho asubuhi utarudi palepale, na keshokutwa pia. Hakumwonea huruma. Aliketi kwenye ngazi, upepo unampiga utosini, akamaliza ladu yake yote.