Koti la Magoti ya Kushoto

Katika mji huu mzima hakuna mtu awezaye kuchukua jinzi kuukuu akaigeuza koti la kumtoa mate hata tajiri, ila mimi. Haya, semeni wapo wengine wawili. Mmoja amehama, na mwingine macho yamemwisha, siku hizi anashona vidole vyake kuliko nguo. Nimekuwa bingwa kwa kukosa mpinzani, na ubingwa ni ubingwa.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unachukua suruali za jinzi zilizochoka, unafumua mishono, unakata vipande pale kitambaa kinapobaki na nguvu, unaviunga mpaka vinakuwa kama ukuta wa matofali ya buluu. Chini yake unatandika blanketi lililozeeka, chini ya blanketi unaweka bitana, kisha unapitisha cherehani juu ya vyote vitatu, mstari kwa mstari, mpaka vishikane. Koti la namna hiyo huvaliwa miaka ishirini. Najua, maana nililomshonea marehemu mume wangu bado lipo. Yeye ndiye hakudumu.

Lakini kabla ya mkasi kuna beseni. Suruali moja imeshasinyaa, nyingine bado. Ukizichanganya hivyo hivyo, koti litakaa vizuri siku utakayolivaa, na siku utakayolifua litavuta bega moja juu kama mtu mwenye maringo. Kwa hiyo ninafua kwanza. Miaka arobaini mikono yangu inafanya hivyo: suruali, beseni, chumvi, siki, sabuni. Haiulizi ruhusa kichwani.

Basi Jumatatu moja akaja dada yangu mkubwa na mfuko. Tumebaki sisi wawili tu kwa mama yetu. Yeye hatanii, mimi nilizaliwa nyuma yake nikachukua mgao wote wa utani. Akautua mfuko juu ya meza yangu ya kukatia, akatoa jinzi nne, akazipanga moja moja kama anayelaza watoto.

"Za nani hizi?" nikauliza.

"Usijitie hujui."

Nilijua. Zilikuwa za mwanawe, Spana. Jina lake lingine lilibaki kwenye cheti cha shule. Sisi sote tulimwita Spana tangu alipoanza ufundi wa magari. Jeki iliteleza akiwa chini ya gari. Sasa ni miaka saba.

"Jumamosi nahama," dada akasema. "Binti yangu hataki tena nikae peke yangu, na kule kwake baridi inang'ata mpaka mfupa. Nishonee koti. Nataka niende nimemvaa mwanangu."

"Nitakushonea, dada."

"Jambo moja. Usizifue."

Nilikuwa nimeuma pini mdomoni, nikaitikia kwa pua.

"Nitazame nikisema na wewe. Harufu yake bado imo. Ukinifulia mwanangu, hutaniona tena. Nitakwenda kwa binti yangu na hata simu yako sitapokea."

Nikazitoa zile pini. "Mimi nifue? Nimerukwa na akili?"

Nikampima kifua, nikampima mikono. "Umenenepa," nikamwambia.

"Wewe pima, usihutubie."

Akaenda zake.

Asubuhi ya pili yake niliamka na kazi kichwani: nitakata wapi mgongo, nitakata wapi kola. Nikawa nafikiri huku nasugua. Nilikuwa nimefika suruali ya tatu, mapovu mpaka kwenye viwiko, nikiimba, ndipo nilipoitazama mikono yangu nikaiona inachofanya.

Ile ya nne ilikuwa imelowekwa tayari. Nikaiinua, ikanichuruzikia miguuni.

Maji yalikuwa meusi ti. Nimefua jinzi nyingi, najua rangi inavyochuja, na ile haikuwa rangi peke yake. Ilikuwa grisi. Mafuta yalielea juu, yaking'aa rangi rangi kama dimbwi la gereji, na kila nilipotikisa beseni yalijikusanya tena katikati.

"Nimemfua," nikasema kwa sauti, ingawa nilikuwa peke yangu uani.

Nikazinusa zote nne. Sabuni. Sabuni na siki, basi.

Kumwaga yale maji sikuweza. Mmwage wewe mtoto wa dada yako kwenye mfereji, tuone. Nikalifunika beseni kwa sinia nikalisukuma chini ya ngazi.

Suruali nikazianika. Spana alikuwa akifanya kazi akipiga goti la kushoto, siku zote la kushoto, kwa hiyo zote nne zilikuwa zimechujuka mahali pale pale na kuvimba kwa umbo la goti. Jinzi ikiwa majimaji hunyooka kwa uzito wake, kila mfuaji anajua. Hizi hazikunyooka. Zilining'inia kwenye kamba, miguu minne ya kulia imeshuka wima, minne ya kushoto imekunjwa. Na upepo haukuwepo hata wa kutikisa unyoya. Jirani yangu muuza mkaa akachungulia juu ya ukuta.

"Bibi, hizo suruali zako zinaomba nini?"

"Zinaomba uende zako."

Akacheka. Mimi nilicheka pia, lakini niliingia ndani kinyumenyume.

Jumatano dada akapita kukagua. Alisimama mlangoni, mkoba kwapani.

"Hujafua?"

"Sijafua."

"Nipe kipande kimoja ninuse."

"Vimejaa pini, utatoboa pua uende kwa binti yako na kipini usichokitaka."

Akanikazia macho, nami nikamkazia macho makavu kabisa. Uongo wa kwanza huwa mzito. Huu wa pili ulitoka umekwisha pigwa pasi. Alipoondoka nikakaa kwenye kiti cha cherehani. Nilimuona tayari yuko huko kwenye baridi, simu inaita, anaitazama, anaigeuza kifudifudi. Ningebaki mimi na nani? Nani mwingine duniani anakumbuka sauti ya mama yetu?

Ndipo nikalikumbuka blanketi. Lile la kujazia katikati lilikuwa kwenye kabati, kuukuu, la kijivu, limekonda kama mimi. Nikalitoa, nikavuta beseni kutoka chini ya ngazi, nikaondoa sinia. Yale maji yalikuwa bado meusi. Nikalizamisha blanketi, nikalikandamiza kwa viganja viwili.

"Rudi ndani," nikamwambia. "Pita mlango wa nyuma, mama yako asijue."

Nilipolikamua, maji yaliyobaki kwenye beseni yalikuwa meupe. Ungeweza kunawia uso. Nililitazama beseni lile kwa muda, kisha nikaamua kwamba fundi mwenye kazi ya haraka hana nafasi ya kushangaa.

Blanketi lilikauka siku moja. Alhamisi nikakata. Mgongo niliutoa kwenye mapaja, kola kwenye mikanda, mifuko nikaiacha ilivyokuwa, mmoja una alama ya spana iliyokaa humo mpaka ikajichora. Yale magoti manne ya kushoto yalinisumbua. Kila nilipoyalaza mezani yaliinuka katikati, kama kuna goti chini yake. Nikayapiga kwa kiganja, yakainuka. Mwishowe nikayaweka kwenye viwiko vya koti, mawili kila mkono, huko yajikunje yatakavyo.

Hapo sindano ikavunjika. Nikaweka nyingine, nene, namba kumi na nane, ya kushonea hata mkanda wa ngozi. Ikavunjika. Ya tatu ikavunjika, kipande kikaruka kikapita karibu na sikio langu. Na pale penyewe kitambaa kilikuwa kimechakaa, chembamba kama karatasi. Hata sindano ya mtoto ingepita.

Nikaondoa mguu kwenye kanyagio. Nikaweka mkono juu ya lile goti. Lilikuwa na joto.

"Spana," nikasema, "mimi ni mama yako mdogo, si jeki. Nimekushika. Sitateleza."

Nikaweka sindano ya nne. Ikapita kama kwenye siagi.

Ijumaa mchana koti lilikuwa tayari, limebaki kupigwa pasi. Nikalitandaza, nikaweka pasi ya moto mgongoni, mvuke ukapanda. Na ndani ya mvuke akapanda yeye. Grisi kwanza, kisha petroli, kisha peremende. Zile peremende kali alizokuwa akizimumunya kuficha sigara kwa mama yake, akidhani mama yake hana pua.

Pasi ikanigandia mkononi. Nyuma yangu, upande wa mlango, nikasikia peremende inagonga meno. Tak. Kimya. Tak.

Sikugeuka. Ujasiri wangu wote uko kwenye ulimi, mgongoni hamna kitu. Nilisema tu, nikilitazama koti: "Mama yako anakuja saa tisa. Kaa ulivyo, usimtishe." Nikaendelea kupiga pasi mpaka bega la mwisho, machozi yakidondokea kwenye kitambaa na kufanya tsss.

Nililitundika koti mgongoni mwa kiti. Nilipotoka kunawa na kurudi, mikono yake ilikuwa imekunjwa kwenye viwiko, imejilaza kifuani, kama mtu aliyekaa kusubiri gari lipoe.

Dada alifika saa tisa kasoro. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, akapitisha vidole juu ya viwiko, akasema polepole, "Magoti yake." Nikamsaidia kulivaa. Mkono wa kulia ukaingia, wa kushoto ukaingia, na mara ile ile mikono yote miwili ikajikunja mbele ikamkumbatia. Yeye hakuikunja. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, nimeona.

Akainamisha uso kwenye kola.

"Linabana?" nikauliza.

"Grisi," akasema ndani ya kola. "Na zile peremende zake za kijinga." Mabega yakaanza kumtetemeka. "Hukufua."

"Nilikwambia, dada."

"Hata kidogo?"

"Hata tone. Zilitoka kwenye mfuko zikaenda kwenye mkasi, haki ya nani."

Akaketi kwenye kiti changu cha cherehani, bado amejikumbatia, machozi yakimshuka mpaka kidevuni.

"Basi nisikilize mdogo wangu, maana kesho naondoka na sitaki kuondoka na uongo tumboni. Nilikudanganya."

"Wewe?" Dada yangu hajawahi kunidanganya hata juu ya umri wake.

"Harufu haikuwemo. Nilizifua mimi mwenyewe, wiki ile ile tuliyomzika. Unajua nilivyokuwa nikigombana naye juu ya grisi. Grisi kwenye kiti, grisi kwenye shuka, kila siku ya Mungu mdomo wangu haukupumzika. Nikazikuta nyuma ya mlango, nikazifua kwa hasira, kana kwamba atarudi azichafue tena nimseme. Maji manne, mdogo wangu. Maji ya mwisho yalitoka meupe, ya kunywa. Zilipokauka ndipo nikajua nimefanya nini. Miaka saba nazinusa, nanusa sabuni. Nilikwambia usifue ili angalau mtu mmoja aamini kwamba bado yumo." Akafuta kidevu kwa kiganja, akaigusa kola. "Sasa niambie wewe fundi. Grisi hii imetoka wapi?"

Nililiona lile beseni mbele yangu, na lile duara la mafuta likijikusanya katikati.

"Haiwezekani," nikasema. "Dada, hukuzifua wewe, umesahau. Maji yalikuwa meusi ti! Mafuta yanaelea juu, nimeyaona kwa macho yangu haya mawili!"

Dada akaacha kulia. Akanyanyua uso kutoka kwenye kola, taratibu, akanitazama vile mama alivyokuwa akinitazama akikuta sukari imepungua koponi.

"Maji gani?" akauliza.