Picha ya Nne, (b)

“Itoe hiyo (b),” Bwana Osea alisema, kidole chake chenye mafuta ya chipsi kikigusa kioo cha kompyuta yangu. “Herufi zitajipanga zenyewe. Nani atajua?”

Alikuwa na sababu ya kujiamini. Mwaka 2009, pale Tunduma, hakuna mchapaji wa steshenari aliyezijua namba za picha kama mimi, Nuria binti Abdulswamad. Wenzangu walizigonga moja moja. Mimi niliiachia kompyuta. Ukifuta picha, zinazofuata zinasogea kuziba pengo, (c) inakuwa (b), na ripoti inabaki safi kama haijaguswa. Nilijivunia ujuzi huo. Siku ile nikauchukia.

Picha ya nne ya ripoti ya mradi, ambayo Osea na kamati ya maji waliiandaa kwa ajili ya wafadhili, ilikuwa na vipande vitatu. (a): pampu mpya ya maji siku ya uzinduzi, na utepe wake. (b): pampu hiyohiyo miezi minne baadaye, haina mpini, maana Osea aliung'oa akaenda kuufunga kwenye pampu ya kijiji kingine siku ya kuizindua, nyuma yake wanawake wanachota bwawani, na ng'ombe wamesimama humohumo majini. (c): Osea, mkandarasi, akipeana mikono na kamati.

Hiyo (b) ililetwa na Mama Kabula, katibu wa kamati ya maji, kutoka bonde la Momba. Niliiskani, akairudisha kwenye pindo la kanga. “Mwanangu,” aliniambia mbele ya Osea, “hii isikosekane. Wafadhili wakisaini kwamba mradi umekamilika bila kuiona, tutakunywa na ng'ombe mpaka tufe.”

“Haina shida, mama,” Osea akaitikia. Mama katoka tu mlangoni, mtu kageuka!

Nikamtazama Shaban, mwenye duka. Akakohoa. “Nuria, kazi ni ya mteja. Fanya anavyotaka, la sivyo kesho usije.”

Haya. Nikafanya anavyotaka. Nikaifuta (b) na maelezo yake yote. Ila kwanza nilizima ule upangaji wa kompyuta, nikaziandika herufi mwenyewe, kama mchapaji asiyejua kazi. (a). Halafu (c). Thubutu! Nafasi ya wale wanawake sikuiziba. Osea akapekua, akaona picha haipo, akabeba nakala zake akaenda.

Wiki iliyofuata ripoti ikasomwa kijijini mbele ya wafadhili. Mama Kabula alinisimulia mwenyewe. Alipofika ukurasa ule, alisimama. “Samahani, wageni. Hapa kuna (a), kuna (c). (b) imekwenda wapi?”

Osea akaanza kumlaumu mchapaji.

“Wala usihangaike, baba,” mama akamwambia. “Ninayo.” Akafungua pindo la kanga. Wageni wakaitazama, wakaweka kalamu chini, wakaomba wapelekwe kwenye pampu.

Habari zilipofika mjini, Shaban alinifukuza. Nilimwambia ahsante, nikachukua mkoba wangu. Nililia nyumbani, si mbele yake.

Mwezi mmoja baadaye, lori la mpunga kutoka bondeni lilinishushia mlangoni dumu la lita ishirini. Nikalifungua. Maji, hayana hata chembe ya tope. Ubavuni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: (b).

Kikombe cha kwanza nilikinywa nimesimama palepale mlangoni.