Eliakim na Sale Lenye Mizizi

Mimi nikikasirika sifichi, na Old Moshi nzima inajua. Mwaka ule wa Kombe la Dunia la Marekani, watoto wote tulikusanya picha za wachezaji zilizokuwa zikitoka ndani ya bigijii, ile ya kutafuna. Jumapili baada ya ibada tulijaa kwenye ngazi za kanisa kubadilishana: mabeki wawili kwa mshambuliaji mmoja, kelele mpaka mchungaji anatufukuza. Hapo ndipo tulipopatana na jirani yangu Eliakim, maana kabla ya hapo tulikuwa tunarushiana mawe tu.

Kipa wa Brazil nilikuwa naye mimi peke yangu. Nikamwazima Eliakim akawaringie wenzake shuleni. Akamsahau mfukoni mwa kaptula, mama yake akaifua. Loo! Nilipoletewa kile kidonge cha karatasi nilimwambia tusijuane tena mpaka kiama. Wengine kwa kuniogopa wakamtenga. Jumapili zikapita, ngazi bila yeye naziona tupu, nikawa nabaki nyumbani na kopo limejaa picha, sina wa kumwonyesha. Nilimkumbuka mjinga yule hadi nikawa nakasirika upya.

Asubuhi moja mbwa wakabweka. Eliakim kasimama uani, udongo hadi magotini, kakumbatia mche mzima wa sale, mizizi inaning'inia.

Kwetu Uchagani, mtu akikuletea jani la sale kuomba radhi, humkatai. Jani moja linatosha. Lakini sale hilohilo ndilo tunalopanda mipakani, na yule bwana alikuwa ameling'oa kwenye mpaka wa kihamba cha migomba cha baba yake na cha baba yangu!

"Shikamoo, mzee," alimwambia baba yangu aliyetoka kutazama.

"Marahaba. Umeng'oa mpaka, wewe?"

"Nilidhani jani moja halitatosha, mzee. Loveness hasira zake ni kubwa mno."

Baba alijaribu kununa akashindwa. Alicheka hadi akashika mgomba, akamwita baba Eliakim, naye akaja na jembe akicheka vilevile. Mimi tu sikucheka.

"Haya, mama," baba akaniambia. "Sale limefika. Unasemaje?"

"Kwanza alete picha zake zote!"

"Sina hata moja," Eliakim akajibu. "Nimezunguka Rau, nimefika hadi Pasua kule mjini. Kila aliyesema atanitafutia kipa wako nilimpa zangu. Hakupatikana."

Nilijua alivyozipenda picha zile. Alikuwa akilala nazo. Nikalipokea lile sale kwa mikono miwili, udongo ukinimwagikia kifuani, nikalia waziwazi mbele ya wazee.

Baba zetu walipokuwa wakilirudisha sale shimoni, nilileta kopo nikalimwaga nyasini.

"Chagua nusu."

Akachagua, kwa aibu, beki mmoja asiyetakiwa na mtu.

"Wewe nawe!" nikamfokea. "Chagua wazuri, bwana! Jumapili utabadilishana nini na watu?"