Gari Lililogoma Jumatatu

Majirani waliliita gari la marehemu mume wangu Mke Mwenza, na mimi sikuwahi kuwakatalia. Enzi za uhai wake, siku ya mapumziko alishinda uvunguni mwake, miguu tu ikiwa nje, na nikitaka kuongea naye nilikuwa naongea na soli za viatu. Alipofariki alituacha sote wawili, mimi na mwenzangu huyo, na binti yetu mdogo ndiye akawa dereva. Binti huyu ni mkunga. Zamu zake karibu zote huanza saa kumi na mbili alfajiri, na saa hizo hakuna usafiri mwingine wa kumfikisha zahanati.

Basi gari likaanza kugoma. Mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu. Binti anazungusha ufunguo, injini inalia nye-nye-nye, haishiki. Tukamwita fundi umeme wa magari, Fundi Miwani, anayevaa miwani mbili kwa mpigo, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Akasema koili imeungua. Koili ni kile kikopo cha chuma, saizi ya chupa ya dawa ya kikohozi, kinachopokea moto wa betri na kuukuza mpaka utoe cheche. Akafunga mpya. Wiki tano baadaye, Jumatatu, koili tena. Safari hii akabadilisha na platini, vile vijichuma viwili vinavyofumbana na kuachana injini ikizunguka, maana navyo vilikuwa vimebabuka. Mwezi haukuisha, koili ya tatu nayo ikafa.

Mimi situpi kitu. Kila kilichoungua nilikifuta grisi, nikakifunga kwenye karatasi, nikaandika tarehe juu yake na kukiweka kwenye kopo la biskuti.

Ijumaa jioni mwanangu wa kwanza akaja. Hata kuketi hakuketi.

"Mama, hili gari limekwisha. Kesho saa sita anakuja mtu wa vyuma chakavu kulibeba."

"Na mimi nitafikaje kazini?" dada yake akamwuliza. "Au niwaambie wajawazito wazae kuanzia saa tatu?"

"Ungeliendesha kwa adabu lisingeungua. Unalikimbiza kama umeliiba."

"Kaka! Gari lenyewe likifika sitini linatetemeka kama lina homa. Nilikimbize wapi?"

"Basi ni huyo Miwani wako. Anatufungia koili feki."

Nilikuwa nachambua mchele. Nikainamia ungo zaidi.

Kesho yake saa nne Fundi Miwani akafika. Hakufungua boksi lake la vifaa. Aliomba kopo langu la biskuti, akavipanga vile vyuma juu ya boneti kimoja kimoja, akisoma karatasi zangu.

"Mama, una mwandiko mzuri."

"Niliishia darasa la sita, lakini kwa mwandiko hakuna aliyenifikia."

"Na umetusaidia. Ona, zote tatu zimekutwa zimekufa Jumatatu." Akageukia wanangu. "Jumapili hili gari linafanya nini?"

"Halitoki," binti akasema. "Jumapili asubuhi ndiyo narudi kutoka zamu ya usiku wa Jumamosi. Nalala mpaka jioni."

"Linapumzika," nikasema na mimi. Uongo haukuwamo, ila maneno yangu yalikuwa machache kuliko niliyokuwa nayo.

Fundi akaishika koili moja, akatuonyesha mafuta yaliyovuja na kukauka shingoni mwake. "Hii haikufa kwa safari. Imechemka gari likiwa limesimama. Ufunguo ukiachwa umewashwa na injini imezima, platini zikiwa zimefumbana, moto unapita mfululizo na koili inapikwa. Platini zikisimama zimeachana, salama. Ndiyo maana haiungui kila wiki."

Kaka mtu akapiga makofi. "Umesikia, bibie? Unasahau ufunguo!"

"Ufunguo nautundika msumarini jikoni kila siku! Mama shahidi yangu." Akanigeukia, macho mekundu kwa uchovu wa zamu. "Mama, si unauona pale msumarini?"

Ungo wa kuinamia sikuwa nao tena. Nilitazama saa. Ilikuwa imebaki saa moja na nusu mtu wa vyuma aje, na binti yangu alikuwa akibeba mzigo usio wake.

"Ufunguo ninauchukua mimi," nikasema.

Fundi akairudisha koili juu ya boneti.

Ikabidi nieleze. Baba yao alikuwa na shida moja na gari lile: likiwa nyumbani linagonga, likifika gereji linakuwa na heshima kama bi harusi. Basi akawa anairekodi sauti ya injini kwenye kaseti ampelekee fundi wake asikilize. Kaseti moja ikabaki. Vinasa sauti vyote vya nyumbani vimeshakufa, imebaki redio ya kaseti ya humo garini tu, na baba yao mwenyewe aliifunga kwa kuchukua moto kwenye waya wa koili. Usipowasha ufunguo haitamki neno. Kwa hiyo Jumapili, binti akishalala, mimi hukaa humo nikapandisha vioo.

"Dakika ngapi?" Fundi akauliza, kama daktari.

"Upande wa kwanza wote."

"Hizo thelathini."

"Halafu naigeuza."

Fundi akashusha ile miwani ya pili.

"Unasikiliza injini, mama?" mwanangu akauliza.

"Siyo injini, mwanangu." Nikamshika binti mkono. "Nisamehe. Sikujua kama ni mimi. Lakini kukaa kwangu humo nilikuficha, ukasemwa bure."

"Ungeniamsha tu," akasema. "Tungekaa wote."

Fundi aliikata redio kwenye waya wa koili, akaipelekea waya wake kutoka betri, wenye fyuzi na kiswichi kidogo. Akafunga koili ya nne. Kisha tukaingia wote, kaka mtu kwenye usukani, mimi pembeni yake, na Fundi akabonyeza kile kiswichi.

Injini ya zamani ikaunguruma. Halafu sauti: "Hapo! Umeisikia? Ngoja... hapo!" Na kwa mbali sauti yangu, nyororo, sijui ilikwenda wapi: "Chakula kinapoa, baba nanihii! Au nimpakulie na huyo mwenzangu?" Na yeye akicheka, akicheka mpaka anakohoa.

Fundi alikuwa ametega sikio. "Tapeti za valvu," akanong'ona. "Zililegea tu, maskini mzee wa watu."

Binti akaangua kicheko. Kaka yake hakucheka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kama mtu aliyefika njia panda.

Honi ikalia getini. Mtu wa vyuma chakavu, na lori lake.

"Nimefuata gari!" akapaza sauti.

Mwanangu akazungusha kishikio, kioo kikashuka nusu.

"Rudi tu, ndugu yangu. Lina watu."

Kaseti ilipofika mwisho akaigeuza yeye mwenyewe. Nikageuka kuangalia dirisha la jikoni. Ufunguo ulikuwa msumarini.