Talaka ya Sahani

Jana usiku, kabla sijageuka hata ubavu, niliota niko palepale nilipo: bwalo la nyumba yetu ya wazee, saa ya chakula cha mchana. Ukutani pana ubao mpana: KILA MTU NA SAHANI YAKE. Miaka miwili nausoma ubao ule, kumbe sikujua ni ndoa.

Jirani yangu wa kitanda, Bi Zamzamu, ana siku nne hajatia kitu kinywani. Kwao watu huzunguka sinia moja. Kula peke yako, kwao, ni kula kama mwizi. Muuguzi Perpetua amekwisha sema: asipokula leo, kesho anatiwa mpira wa puani.

Sasa sahani yake imemkalia mapajani, inalia machozi ya mchuzi.

"Siku nne sijaguswa! Napoa, napashwa moto, napoa tena. Nataka talaka yangu!"

Bwalo limekuwa mahakama. Kadhi ni sufuria kubwa ya wali, mfuniko kauvaa upogo kama kofia.

"Mume ni nani?"

"Bi Zamzamu."

"Mwanamke?"

"Ubao umesema kila mtu," sahani ikajibu.

Kadhi akajikuna masizi. "Bi Zamzamu, mkeo unampenda?"

"Simjui. Nimeletewa tu."

"Basi mwache."

"Nikimwacha nitakula wapi? Si watanitia mpira!"

Mpira wenyewe ukachungulia mlangoni. "Nimeitwa?"

"Kesho," nikauambia. "Kapange foleni."

Hapo mdomo ukaniwasha. "Kadhi, na mimi naiacha yangu. Tena talaka tatu, isije ikanirudia usiku."

Wee! Wazee wote wakadakia: naacha, naacha, naacha! Sahani zikatoka mlangoni zimeshikana mikono, zinatutukania mama zetu, ambao walishakufa zamani. Wali ukabaki umening'inia hewani, hauna pa kukaa.

Nikapanda kiti na magoti yangu haya mabovu, nikaung'oa ubao ukutani, nikaulaza kifudifudi. Mgongo wake ulikuwa safi, hauna neno hata moja.

"Teremka," nikauambia wali. Ukateremka, na samaki wa kupaka juu yake.

Tukauzunguka. Bi Zamzamu akanawa, akapiga bismillahi, akamega mnofu mnono wa samaki. Hakuula. Akausukuma upande wangu.

"Kula, shoga. Ukila wewe nami nitakula."

Nikala. Naye akala, mchuzi wa manjano ukatuchuruzika mpaka viwiko.

Asubuhi Muuguzi Perpetua akaingia, mpira mkononi.

"Shikamoo, Bi Zamzamu. Leo hatubembelezani."

Bi Zamzamu akapiga mbweu. Ndefu, ya mtu aliyeshiba akasaza.

Perpetua akasimama kama mlingoti. "Huyu kala nini?"

"Nitajuaje, mjukuu wangu? Mimi nilikuwa nimelala," nikamjibu, nikiingiza mkono wa kulia chini ya blanketi, maana vidole vyote vitano vilikuwa vya manjano.